Siku Niliyosema Kanada Ni Limuru

Nitawasimulia hii mara moja tu, na mkicheka mcheke kwa adabu, kwa sababu hata leo nikipita karibu na ukumbi wa kanisa letu hapa Mumbuni huwa najifanya naangalia simu, na mara nyingine simu yenyewe imezima. Kama uliwahi kuona ile video, ya mama wa kitenge cha njano anayepiga kelele mbele ya watu wa dunia nzima, usisumbuke kuuliza ni nani. Ni mimi, Mama Ndinda, fundi wa kushona sare za shule, na kile kitenge sijakivaa tena.

Ndinda ni kifungua mimba wangu, na tangu amalize kidato cha nne alikuwa na neno moja tu mdomoni: Kanada. Mwanzoni alitaja vile vyuo vya miji mikubwa, tukaangalia karo, baba yake akatoka nje akasema anaenda kuangalia mbuzi (mbuzi wenyewe ni wawili na walikuwa wamefungwa). Ndinda hakukata tamaa. Alikaa na laptopu ya kuazima kwa binamu yake, mwezi unaingia mwezi unatoka, analinganisha karo, kodi ya nyumba, bima ya hospitali, kama mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa kufanya kazi kidogo, mpaka siku moja akaja akasimama mbele ya cherehani yangu.

"Mama, nimepata. Ni chuo cha serikali, kiko kwa mji mdogo huko mashariki mwa Kanada, na karo yake haifiki hata nusu ya vile vingine."

Wengine wangeruka wapige vigelegele. Mimi roho yangu ilifanya kwaa. Mimi ni mtu wa vitambaa, na mtu akiniletea kitambaa cha bei ya chini sana kitu cha kwanza nafanya ni kukigeuza nione upande wa nyuma, kwa sababu mahali fulani lazima kuna tundu, au rangi itaisha kwa maji ya kwanza. Sasa Wazungu, ambao kila kitu chao ni ghali, waniuzie elimu rahisi namna hiyo? Walinipenda lini? Nikamwambia Ndinda hivyo hivyo, tundu na yote.

Na sio kwamba nilikuwa naota. Jirani yangu Mama Kioko alimpeleka kijana wake ng'ambo kupitia ajenti mmoja wa suti, anayeongea kwa pua, na chuo kikatokea kuwa chumba kimoja juu ya duka la simu, tena katika nchi ambayo hata sio ile waliyoambiwa. Kijana alirudi amekonda. Tangu hapo Mama Kioko alikuwa profesa wa utapeli, na kila jioni alikuja kwangu, anakaa kwa kile kiti cha wateja, ananitilia maneno.

"Umeongea na mtu wao? Mtu mwenye nyama, si picha?"

"Bado."

"Aiya, Mama Ndinda. Hata yule wangu alikuwa na picha nzuri."

Basi nikaanza kushuku kila kitu. Chuo kikikawia kumjibu Ndinda, nasema wametoroka. Wakijibu haraka, nasema hawa hawana kazi nyingine? Ndinda alipokubaliwa, badala ya kumpongeza nilimuuliza mbona wamemkubali upesi. Baba Ndinda aliniambia, "Mama Ndinda, wacha mtoto," nikaanza kumshuku hata yeye.

Sasa ikaja habari ya mkutano wa mtandaoni. Chuo kilikuwa kimewaalika wanafunzi wapya wa kigeni pamoja na wazazi, waulize maswali na kumwona mama mmoja wa chuo anayeshughulikia wanafunzi wa kigeni. Ndinda aliniambia nitakaa kando yake pale nyumbani, ninyamaze, nisikilize. Na alinieleza vizuri kabisa kwamba huyo mama ndiye angemhoji wiki iliyofuata, kuona kama atapunguziwa karo zaidi, na bila kupunguziwa hatungeweza, hata na huo urahisi wake.

Hapo ndipo nilifanya uamuzi wangu mdogo. Nikasema, kwa nini tubanane kwa sebule? Ukumbi wa kanisa uko na waifai na projekta, na kina mama wa kikundi chetu walikuwa wameahidi kutusaidia na tiketi ya ndege, basi waje waone. Hiyo ndiyo sababu niliyompa Ndinda. Ile ya ukweli niliyompa Mama Kioko ni kwamba kama ni matapeli, nataka mashahidi.

Saa kumi jioni ukumbi ulikuwa umejaa. Kina mama walikuja na vibuyu vyao vya uji, wengine na kazi ya kusuka vikapu, utafikiri ni harusi. Ndinda alikuwa amevaa blauzi niliyomshonea, amekaa mbele na laptopu. Ukutani kukawa na uso mkubwa wa Mzungu, mama wa makamo mwenye miwani, na kuzunguka uso wake visanduku vidogo vidogo vya watu wa kila rangi.

Akafungua mdomo akasema, kwa Kizungu, "Habari za asubuhi, nyote."

Mama Kioko akanifinya paja. "Umesikia? Asubuhi! Na huku ni jioni!"

Nikaandika hiyo kwa moyo.

Halafu yule mama akasema kuna mwanafunzi wa mwaka wa tatu atakayewakaribisha wenzake, na kwa kisanduku kimoja akatokea kijana mweusi, mwembamba, akasema anaitwa Mutua na ametoka Kenya, Ekalakala. Na ile lafudhi! Kijana aliongea Kizungu ambacho ungedhani kimetoka sokoni Tala asubuhi hiyo.

"Mkamba mwenzetu," Mama Kioko akaninong'oneza. "Hawa wako hapo Mlolongo tu, nakwambia. Wamekodisha Mzungu."

Wakati huo Ndinda alinyoosha mkono, akaitwa, akauliza swali lake kuhusu nyumba za kupanga na jinsi wanafunzi wanavyofika darasani wakati wa baridi kali. Aliuliza vizuri sana. Yule mama alitabasamu akasema hilo ni swali zuri, na akaandika kitu. Mama mwenye akili angekaa hapo ashukuru Mungu. Mimi nilisimama, nikaenda mpaka mbele, nikainama juu ya bega la mtoto wangu nikaongea moja kwa moja ndani ya laptopu, na maiki ilikuwa wazi.

"Madam, mimi ni mzazi. Nionyeshe theluji."

"Mama, tafadhali," Ndinda akasema chini chini.

Yule Mzungu alicheka, akasema samahani, kwa sasa hakuna theluji.

"Hakuna?" Nikageuka nikawaangalia kina mama, kama wakili. "Kanada, hakuna theluji. Basi Madam, toka nje utuonyeshe hiyo shule."

Nilidhani hapo nimemkamata, kwamba sasa picha itakatika au atasema mtandao ni mbaya. Lakini maskini ya Mungu, mtu mwenye roho nzuri, alisema, "Bila shaka," akabeba laptopu yake, tukaona dari, tukaona mlango, halafu ukuta wote wa ukumbi wetu ukajaa kijani. Nyasi zimekatwa vizuri. Jua linawaka. Vijana wamevaa kaptula wamelala chini wakila aisikrimu, na nyuma kuna vilima na ukungu kidogo na miti mirefu.

Na mimi hiyo mahali nilikuwa naijua. Niliishi na shangazi yangu Limuru, hapa hapa Kenya kwa mashamba ya chai, nikiwa msichana, na ile rangi ya kijani, ule ukungu, ile miti, naapa nilihisi hata harufu ya majani chai.

"Hii ni Limuru!" nikapiga kelele, tena kwa Kizungu, ili dunia isikie. "Mimi najua Limuru! Hawa watu wako Limuru!"

Ukumbi ulilipuka. Mama Kioko alipanda juu ya benchi anasema, "Nilisema! Si nilisema?" Mtu akamwaga uji. Na wale watu wa visanduku, ambao walikuwa wamekaa kimya na heshima zao, wakaanza kusogea karibu na skrini zao. Baba mmoja wa Naijeria alifungua maiki yake akasema, "Mama, asante sana! Hata mimi nilikuwa nashuku hii karo!" Mwanamke mwingine, sijui wa nchi gani, akauliza Limuru ni nini, akajibiwa na mtu ambaye pia hajui, na baada ya muda mfupi wazazi wa mabara yote walikuwa wanaongea pamoja, mmoja anataka kurudishiwa pesa, mwingine anataka kuona pasipoti ya yule mama, na yeye maskini amesimama kwa jua amekumbatia laptopu, uso umekuwa mwekundu kama nyanya.

Ndipo yule Mutua akaongea, na hakuongea Kizungu. Aliongea Kikamba, polepole, kama mtu anayemtuliza ng'ombe.

"Mwaitu," akaniita, mama yangu. "Huku ni mwezi wa saba, ni wakati wa joto. Theluji itakuja mwisho wa mwaka. Na sasa huku ni asubuhi, mimi hata chai bado."

"Wewe nyamaza!" nikamwambia. "Wewe ni mtoto wa nani? Mama yako anaitwa nani?"

"Mwikali, Mwaitu. Ana duka la mbegu hapo Ekalakala."

Na nyuma kabisa ya ukumbi nikasikia kikapu kimeanguka. Ni Mama Mbithe, mwanamke wa maneno machache, ambaye ameolewa Mumbuni lakini kuzaliwa ni Ekalakala. Alikuja mbele akivaa miwani yake, akaangalia ule ukuta kwa muda mrefu.

"Ni Mutua wa Mwikali," akasema. "Tulimfanyia harambee ya tiketi. Mimi mwenyewe nilitoa jogoo, akapigwa mnada." Halafu akamuuliza kijana, kwa sauti ya upole kabisa, "Na mbona umekonda hivyo?"

Mama Kioko alishuka kwa benchi, mguu mmoja halafu mwingine, akaanza kutafuta mkoba wake ambao ulikuwa begani. Mimi nilibaki nimeinama pale pale, uso wangu umejaa skrini za watu wa dunia nzima, na kitu pekee kilichonitoka, na maiki bado iko wazi, ni, "Ngai, Ndinda, zima hii kitu."

Ndinda hakuzima. Ndinda hakuwa hapo. Kiti kilikuwa kitupu.

Nilimpata nyuma ya ukumbi, ameegemea tangi la maji. Hakuwa analia, na afadhali angelia.

"Sikujua Kanada kuna joto," nikasema. Ni ujinga, lakini ndiyo nilikuwa nayo.

"Ungeniuliza."

"Nilikuwa nakuuliza kila siku, Ndinda."

"Hapana, Mama. Ulikuwa unamuuliza Mama Kioko." Aliongea bila hasira, na hiyo ndiyo ilinimaliza. "Mimi najua kwa nini hiyo shule ni rahisi. Ni ya serikali, ni ndogo, iko mbali na miji mikubwa, na watu wengi hawataki kwenda mahali baridi hivyo wakae na watu wachache hivyo. Hiyo ndiyo tundu ya kitambaa chako. Niliiona mapema. Nikasema mimi naweza kuvumilia."

Wakati ule ule nilikuwa nimejishika mwenyewe katika jambo ambalo sijamwambia hata Baba Ndinda. Nilipoona zile nyasi na kupiga kelele Limuru, moyoni sikuwa na hasira. Nilifurahi. Kama ni matapeli, mtoto wangu haendi popote.

Hilo nilimwambia Ndinda, pale kwa tangi. Akasema, "Twende tuchukue laptopu ya watu."

Siku ya mahojiano nilijifungia jikoni, nikaapa sitapumua, nikaangusha sufuria. Nikasikia yule mama anauliza kama huyo ni mzazi wa Limuru. Ndinda akasema ndiye. Nikaitwa. Nilienda na unga mikononi nikamwomba msamaha kwa Kizungu changu chote, na alipomaliza kunisikiliza alisema wazazi wanaouliza hawamsumbui, isipokuwa angeomba nisimtoe nje tena bila kofia. Na kuanzia sasa, akasema, kila mkutano utaanza kwa kueleza huko ni saa ngapi na ni majira gani.

Alimpunguzia karo. Ndinda aliondoka mwanzo wa mwaka uliofuata, na kina mama walichangia tiketi vizuri sana, nafikiri wengine walikuwa wanalipia ile sinema. Lakini mtu alikuwa amerekodi, na video ikafika sokoni Machakos kabla yangu, na sasa nikienda kununua vifungo naitwa Mama Limuru na watu ambao sijawahi kuwaona. Mama Kioko naye anawaambia watu kwamba yeye alijaribu kunizuia.

Nimeapa, jambo la mtoto wangu nitamuuliza mtoto wangu kwanza, tena tukiwa wawili, mlango umefungwa. Na juzi nilijaribiwa. Mdogo wake Ndinda, anayeitwa Mbula, ameniambia ameona mahali Ujerumani ambapo wanasomesha watu uuguzi na hawatozi karo hata kidogo. Hata kidogo! Nilihisi ulimi unawasha. Nikavuta kiti, nikaketi, nikamwambia, "Haya, nieleze kutoka mwanzo," na nikanyamaza mpaka akamaliza.

(Lakini hiyo bure yao, mniwie radhi, bado sijaielewa.)