Tufe la Mwalimu Naliaka

Ninakumbuka asubuhi moja pale Kitale, mwanangu, wivu uliponishika nikashindwa hata kunywa chai. Nilikuwa fundi kijana kwenye karakana ya Mzee Barasa. Mwalimu Naliaka, mama mstaafu wa Kiminini, alikuwa ametuletea tufe la dunia la Kiingereza, kuukuu, lililoachwa na mzungu aliyemuuzia baba yake shamba. Lilikuwa na ufa, na ramani yake imebanduka.

Mzee alimpa kazi ya kulitengeneza Wafula, kijana wa Bungoma aliyekuja juzi tu. Mimi niliyekaa pale miaka minne nikapewa kuchonga miguu ya kulisimamishia. Chanda chema huvikwa pete, wenzangu wakanicheka. Niliumia, sikufichi.

Wale mafundi wa kale wa Uingereza walikuwa na subira, wacha nikwambie. Ramani waliichapa kwa vipande vyembamba, vimechongoka juu na chini, wakavibandika kwa mkono, kimoja kimoja, juu ya mpira wa karatasi na plasta. Ndani walitia kifuko cha chembe za risasi, yale madini mazito, ili tufe lisielemee upande. Wafula alivirudisha vile vipande usione kiungo. Nikazidi kumchukia. Alipotoka kula, kabla hajaziba ufa uliokuwa chini ya tufe, niliingiza vidole nikakichomoa kile kifuko. Hasidi hana sababu.

Mwalimu alipokuja, alilizungusha tufe lake. Likayumba, likarudi kusimama palepale, kila mara. Akasema heri angeliacha lilivyokuwa. Wafula, kwa aibu, alikusanya nguo zake akarudi kwao, nami nikaachiwa kazi niliyoitamani. Nilipolifungua nirudishe kifuko, Mzee alikuwa mlangoni ananitazama.

"Umefukuza mikono ya mwenzako," akasema polepole. "Yako imeongeza nini?"

Nilikirudisha kifuko mahali pake. Kesho yake nilimfuata Wafula Bungoma, nikamkuta sokoni akiuza vitunguu, nikamweleza yote.

"Nimekusamehe, bana," akasema. "Lakini hiyo kazi sirudi. Nikifikiria gundi tu, naliona lile tufe likiyumba."

Sijaona tena mikono kama ile. Hata leo nikisikia fundi mwingine anasifiwa, kifua kinaniwaka. Wivu hauogopi mvi. Ila sasa naenda kwa fundi huyo nikamwomba anionyeshe.

Mwanangu, ukimwonea mwenzako wivu, usimchimbie shimo. Kaa karibu naye ujifunze, kwa maana ukimwangusha umejinyima mwalimu. Mungu akujalie wenzako wanaokuzidi, na akupe moyo wa kukaa nao.