Filamu ya Yusta na Koti la Emanueli

Baraza langu la kushonea limepakana na studio ya Yusta hapa Lushoto mjini: ukuta mmoja, paa moja, na ugomvi mmoja usiokwisha juu ya nani ameacha taka mlangoni. Mimi ni fundi cherehani, naitwa Hashimu, na niseme mapema kwamba sipendi kelele, wala sipendi mtu anayetaka nguo ya sikukuu huku kitambaa amekileta jana yake. Yusta ana kelele, na kitambaa chake siku zote amekileta jana. Pamoja na hayo, kama kuna mtu mjini hapa ninayemvulia kofia, ni yeye, na kofia yangu siivui ovyo.

Yusta ni mtu wa Mtae, kule barabara inakoishia, ambako mlima unakatika ghafla na nyika yote inaonekana chini. Wazazi wake walikuwa wakulima, Walutheri wa kwaya na sala za asubuhi, na sasa amebaki mama tu. Baada ya sekondari alikwenda Tanga kumbebea taa bwana mmoja mpiga video za harusi. Kazi akajifunza kwa kuangalia, maana bwana yule hakuwa mtu wa kufundisha. Aliporudi milimani alikuwa na kamera ambayo ilishatumiwa na wawili kabla yake, na kibao kilichoandikwa "Yusta Picha". Hadi leo anapiga picha za pasipoti, kipaimara, maulidi, sendofu na misiba.

Wateja walikuwa na lalamiko moja kwake. Watu wamekaa sebuleni wanaangalia harusi yao kwenye televisheni, na mara, katikati ya kukata keki, anatokea mwanamume asiyejulikana na mtu, amekaa juu ya gunia la mkaa nyuma ya jiko, anakula pilau yake kwa utulivu kabisa. Siku moja shangazi wa bibi harusi alikuja juu pale studio, ushungi umemtoka kichwani kwa hasira.

"Huyu ni nani kwenye harusi yetu?"

"Shikamoo shangazi," Yusta akamwambia. "Huyo ndiye aliyebeba viti."

Hakuweza kuwaacha watu wa namna hiyo. Wiki hii wanapakia kabichi Lukozi, wiki ijayo wanaosha karoti mtoni, mwezi ujao hujui wako wapi. Wanalala kwenye mabaraza yetu na kuondoka kabla hatujafungua. Sisi tuliwaita wazururaji, na ukilitamka neno hilo mbele ya Yusta anakununia siku nzima. Mimi nilidhani ni ulokole tu unamsumbua.

Haukuwa ulokole. Kaka yake, Emanueli, alikuwa mmoja wao. Aliondoka Mtae angali kijana, asubuhi moja, kufuata lori la viazi, na koti lake akaliacha limetundikwa msumarini nyuma ya mlango. Akasikika Mombo, halafu Korogwe kwenye mkonge, halafu mtu akasema amemwona Handeni, halafu kimya cha miaka. Mama yao, Mama Efrazia, akajishikiza kwenye lile koti. Mtu wa Mtae haendi moja kwa moja bila koti, alisema, kwa hiyo atarudi kulichukua. Kila kiangazi analianika juani, analikung'uta vumbi, analirudisha msumarini.

Basi Yusta akaamua kutengeneza filamu. Si ya ngumi, si ya wachawi. Ni filamu ya mtu anayetembea kutoka soko hadi soko, analala anapolala, na siku moja anarudi kwao Mtae na kugonga mlango, na mama yake anafungua. Kampuni hana, mfadhili hana. Alikuwa na ile kamera, maikrofoni aliyoifunga kwenye ufito na kuivika soksi ya sufu ili upepo usiingie, na kipande cha kitambaa changu cheupe cha kanzu cha kurudishia mwanga kwenye nyuso za watu, alichokichukua bila kuniomba. Alirekodi siku zisizo na harusi. Na hakutaka waigizaji, alitaka watu wa njia wenyewe.

Hapo mtu yeyote mwenye akili timamu angeona balaa linakuja. Ukichukua mtu ambaye kazi yake ni kuondoka, ukamfanya ndiye nguzo ya filamu yako, ataondoka. Wa kwanza, mmoja mrefu hadi anainama kuingia barazani kwangu, alicheza vizuri mno kwa siku kadhaa. Halafu likapita lori la mapeasi la kwenda Dar es Salaam, na yeye akapita nalo. Nilicheka hadi machozi. Yusta alikaa kwenye benchi langu na soda yake, hakucheka wala hakulia.

"Fundi," akasema, "nimekosea kushika sura. Sura zinaondoka. Nitashika koti."

Alifuta kazi yote ya yule mrefu, akapanda basi la Mtae kwenda kuliomba koti la kaka yake. Mama Efrazia alilitoa shingo upande, na kwa sharti moja: lirudi kama lilivyo. Lilikuwa koti la sufu la mtumba, rangi ya udongo mkavu, ukosi umelika, na kifungo cha pili kutoka juu hakipo. Yusta aliliweka mezani kwangu kama mtu anayelaza mtoto.

"Kunja, shikiza, fanya utakavyo," akanikanya. "Lakini mkasi usiguse."

Tangu siku hiyo, aliyelivaa ndiye alikuwa mtu wetu. Akaja mfupi, nikakunja mikono kwa ndani na kuishikiza kwa uzi mwepesi. Akaondoka, nikafumua. Akaja mwenye mabega mapana, nikaachia mishono ya kwapani hadi akapata kuinua gunia. Huyo aliondoka na koti lenyewe. Tulimtafuta kutwa nzima, tukamkuta sokoni Malindi, Malindi hii ya huku milimani, amelivaa, anapakua maplamu, na akashangaa kwa nini tunahema. Yusta alimwomba koti kwa upole, na njia nzima ya kurudi alilikumbatia kifuani.

Nilimwambia aache. Nilimwambia kwa maneno makali, maana mimi nikiogopa nagomba. Siku ile akanifungulia kompyuta yake, akaniambia kaa uone. Nikaona mgongo wa koti unapanda kilima cha Magamba kwenye ukungu, nikauona tena unainama chini ya gunia, unalala kwenye kibaraza ambacho nakijua, kwa kuwa ni changu. Nilijua fika kwamba ndani walikuwa watu tofauti, mimi ndiye niliyewapima. Lakini nilichokiona ni mtu mmoja, na nilitamani afike kwao. Nilirudi kwenye cherehani yangu bila kugomba tena.

Ikabaki sehemu ya mwisho, ya mlangoni, ambayo bila hiyo filamu nzima ni mtu anatembea tu. Safari hii koti lilivaliwa na Nassoro, kijana mpole wa miaka thelathini hivi, aliyekuwa akipasua magogo huku na huku kwa watu. Lilimkaa kidogo tu vibaya mabegani. Tukapanda basi la Mtae watatu, mimi nikiwa na sindano na uzi mfukoni, na Yusta amepakata kamera njia nzima ili isigongwe na mashimo.

Mama Efrazia alitupokea vizuri, akanijulia hali na ya nyumbani kwangu, akatenga makande na chai. Mpaka hapo Nassoro alikuwa bado barabarani, anasubiri aitwe. Yusta alipanga kamera, akamweleza mama yake: mtu atapanda, atagonga, wewe utafungua, basi. Mama akakubali. Nassoro akapanda taratibu na lile koti, akagonga. Mlango haukufunguliwa. Akagonga tena. Ndipo tukasikia sauti ya mama ndani.

"Sifungui."

Yusta akazunguka kwa mlango wa uani, nami nyuma yake. Mama Efrazia alikuwa amesimama katikati ya chumba, khanga ameishika mdomoni.

"Nimeliona dirishani linavyopanda," akasema. "Nikifungulia koti hilo, nataka nimkute Emanueli ndani. Nikimkuta mtu mwingine, mwanangu, mimi nitakufa."

Yusta angeweza kutafuta nyumba nyingine. Mtae milango ipo na akina mama wapo, na mimi mpumbavu nikamwambia hivyo. Akanitazama hata nikaona aibu. "Filamu hii haina mama mwingine," akasema, akaenda kuifungasha kamera. Alifunga kamba moja baada ya nyingine kwa utaratibu, na machozi yanamtiririka. Kazi ya miaka miwili ilikuwa imefia pale mlangoni, na hakumlaumu mama yake hata kwa jicho.

Nassoro hakujua afanye nini. Alilivua koti, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye benchi nje, akachukua shoka lililokuwa pale na kuanza kupasua kuni za mwenye nyumba. Ndiyo kazi aliyoizoea. Kelele za shoka zilimtoa Mama Efrazia nje, na sasa kwa kuwa koti halikuwa mwilini mwa Nassoro, akamwona mtu.

"Shikamoo mama," Nassoro akasema.

"Marahaba mwanangu. Njoo ule."

Alikula, na mama akakaa mbele yake akimtazama anavyotafuna. Kisha akamuuliza kwao ni wapi.

"Mgwashi, mama."

"Mgwashi hii ya Bumbuli? Mama yako yupo?"

"Yupo."

"Anajua ulipo?"

Nassoro akaweka kijiko chini. Akasema, kwa sauti ya chini sana, kwamba aliondoka nyumbani akiahidi kurudi na bati za nyumba ya mama yake. Bati hazikupatikana mwaka wa kwanza, wala wa pili, na kila mwaka uliopita ulizidi kumfanya aone haya kurudi mikono mitupu. Huu ulikuwa mwaka wa sita.

Mama Efrazia akasimama. Sijawahi kumsikia mama mtu mzima akisema kwa ukali namna ile na kwa huruma namna ile kwa pamoja.

"Unakuja kuigiza kurudi kwangu, na mama yako yuko Mgwashi?"

Akaingia ndani, akatoka na viazi vilivyochemshwa kwenye mfuko. Akachukua koti benchini na kumvika Nassoro mwenyewe, mkono huu, mkono huu.

"Nenda," akasema. "Njiani kuna baridi. Bati atajua mama yako na Mungu wake. Lakini usimkalishe mwenzangu dirishani."

Mimi moyo ulinipasuka, na nasema wazi kwamba haikuwa kwa wema. Koti ndilo linaondoka! Pamoja nalo filamu, na msumari wa mama, na kila kitu, mgongoni mwa mtu ambaye hajawahi kurudi popote. Nikamgeukia Yusta nimwambie amzuie. Yusta alikuwa ameshafungua tena kamera, amepiga goti kizingitini, anarekodi. Kwenye kioo kidogo nikamwona mama anafunga vifungo kimoja kimoja kuanzia chini, kidole kinafika pale kifungo kisipokuwapo, kinatulia, kinapita. Kisha mgongo wa koti ukashuka ile njia, ukawa mdogo, ukaingia ukunguni.

"Twende naye," nikamwambia. "Umrekodi anavyogonga kwao."

"Ule mlango si wangu, fundi," akasema, akazima kamera.

Hapo ndipo nilipomvulia kofia. Mtu aliyekosa mlango wake mchana huohuo, akapata mwingine, akauacha. Najua waliosoma mambo ya filamu wangesema amefanya ujinga. Mimi naona ndiyo adabu kubwa kuliko zote nilizoziona, na sijali nani atasema nini.

Tukarudi Lushoto tukangoja. Miezi ikapita. Yusta alipunguza, akaunganisha, akarudia, na filamu yake akaimalizia pale ukunguni. Mimi nilikuwa natoka nje kila basi la Bumbuli linapopiga honi, nikijifanya naangalia mvua. Mama Efrazia alipigiwa simu na binti yake kuombwa radhi, akasema hakuna wa kumwomba radhi, koti alilitoa yeye.

Siku moja utingo wa basi la Bumbuli alishuka na kiroba kimefungwa kwa kamba ya katani, akauliza Yusta ni yupi. Ndani lilikuwa koti, limefuliwa, linanuka sabuni ya mche. Nililigeuza upande huu na huu kama ilivyo desturi yangu, nikafika kifuani nikakwama. Pale pa kifungo cha pili kulikuwa na kifungo. Cha bluu, kikubwa kidogo kuliko wenzake, kimeshonwa kwa uzi mweusi uliozungushwa mara nyingi kuliko inavyohitajika, kama anavyoshona mama ambaye hataki kidondoke. Fundi hashoni hivyo, na mwanamume hashoni hivyo. Nikampa Yusta alishike, na tulilia wote wawili barazani, na wateja wakatuona.

Tulipanda tena Mtae kuonyesha filamu. Nilishona mashuka mawili yakawa kioo cha kuonyeshea, tukayatundika kwenye ukuta wa ghala, na mshono wangu ulipita katikati ya mawingu ya Usambara. Vijana waliotaka ngumi waliondoka mapema. Wazee walibaki hadi mwisho, na ukungu ulipomeza koti hakuna aliyepiga makofi. Mmoja akaanza kutaja jina la mwanawe, na mwingine la wake.

Baadaye, nyumbani kwa akina Yusta, nilitoa mkasi mdogo. Sharti lilikuwa lirudi kama lilivyo, nami ni mtu wa kutimiza kazi, kwa hiyo nikamwambia Mama Efrazia kwamba mishono yote nimeirudisha, kimebaki hicho kifungo tu, nakitoa sasa hivi.

Akanipokonya koti, akalitundika msumarini nyuma ya mlango.

"Kiache," akasema. "Ema akija nitamwambia kimetoka Mgwashi."