Barabara ya Bo, Barabara ya Ay

Ukutani, juu ya kompyuta yake, Philomena Margwe alikuwa amebandika karatasi yenye maandishi mekundu: GEUZA HERUFI ZIWE MICHORO KABLA YA KUTUMA. Mteja aliyeingia kibandani kwake pale Mbulu mjini, awe amefuata kadi za harusi au bango la duka la dawa, aliisoma, na hata kama hakuuliza alipewa maelezo. Kompyuta, Philomena alipenda kusema, ni kama majiko ya watu, kila moja lina vyombo vyake. Ukiipelekea kazi yenye aina ya herufi isiyokuwa nayo, haikuambii kwamba haina. Inachukua herufi nyingine iliyo karibu, inaiweka hapo, inanyamaza kimya. Dawa ni kuzigeuza herufi zote ziwe michoro mitupu, kama unavyochora ua, maana ua halihitaji kusomwa na kompyuta yoyote.

Kwa miaka kumi na minne aliishika sheria hiyo. Aliivunja mara moja tu, na mara hiyo ilikuwa kwenye jina la babu yake. Mganga hajigangi. Watu husema hivyo wakicheka, lakini yeye hakucheka.

Babu yake aliitwa Bo/ay. Huo mkwaju ulio katikati si pambo wala kosa la uchapaji. Kwa Kiiraqw ni herufi kamili, inasimamia sauti inayobanwa chini kabisa kooni, na walioanza kuiandika lugha hiyo waliipa alama ya mkwaju kwa sababu ndiyo waliyoikuta kwenye mashine. Shuleni na serikalini sauti hiyo haikuandikwa kamwe. Waliandika Boay, basi. Baba yake Philomena, mzee Margwe, alikuwa na miaka themanini na tatu na alikuwa hajawazoea bado. Karani wa sensa, muuguzi, hata padre, yeyote aliyesoma "Margwe Boay" kwa ulaini, mzee alimsimamisha na kumtamkisha upya. "Wamemkata koo baba yangu," alikuwa akisema. "Mtu asiye na koo ataitikaje akiitwa?"

Kwa hiyo ulipofika mwaka wa kuweka anwani za makazi na kila barabara ikatakiwa kuwa na jina na kibao, mzee alisimama kwenye kikao cha kitongoji chao cha Endamaay, juu huko ng'ambo ya kijiji cha Daudi, akaomba kitu kimoja tu. Barabara inayopanda mlimani kupita kwao iitwe kwa jina la baba yake, na jina liandikwe zima. Sababu alikuwa nayo. Bo/ay alimpoteza mke wake kwenye korongo lile akiwa amebebwa kwa machela, uchungu umemkamata, na hakuna pa kupita. Baada ya mazishi alichukua jembe akakata njia ndani ya shamba lake mwenyewe, misimu mitatu, peke yake. Ukoo wa Sulle nao walitaka jina lao, kwa kuwa gari la kwanza kupanda njia ile lilikuwa la kwao. Watu walibishana nusu siku, wakatupiana na maneno ya zamani, lakini mikono ilipohesabiwa Bo/ay akashinda.

Kazi ya kubuni vibao vya kata ilimwangukia Philomena. Mzee alipopata habari alimpigia simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Sasa liko mikononi mwako. Nataka nisomewe kabla sijafa."

Na hapo Philomena akaingiwa na ufundi mwingi. Alijua mkwaju wa kawaida ungewachanganya wageni, wangedhani ni ule wa "ndiyo/hapana". Akakaa siku nne akichora herufi yake mwenyewe, mkwaju uliopinda kidogo chini na kuigusa o iliyo kushoto kwake, ili hata asiyejua aone kwamba hii ni herufi na inakaa na wenzake. Zile nyingine aliziazima kutoka aina ya herufi ambayo kila kompyuta inayo, vibao vyote vifanane. Herufi yake mpya akaiweka kwenye kitufe cha mkwaju, palipokuwa rahisi kubonyeza. Kwenye kioo chake jina lilitokea zuri mno. Alilitazama, akaita jirani yake wa duka la pili aje alitazame, naye jirani akasema zuri.

Vibao vilikuwa vichapwe Katesh, kwa fundi aitwaye Bashiri, ambaye hawakuwahi kuonana. Bashiri alimpigia: "Dada, usigeuze herufi ziwe michoro. Niachie wazi, nina namba za barabara za kuongeza." Ombi la haki kabisa. Philomena alijibu kwamba ataziacha wazi, ila atamtumia na faili la herufi zake alipachike kwenye kompyuta yake kwanza. Akaandika barua pepe, akaambatisha kazi, akaingia mteja wa pasipoti saizi, akampiga picha, akarudi, akatuma. Faili la herufi lilibaki kwake.

Siku tatu baadaye Bashiri alimtumia picha ya kibao cha mfano, BARABARA YA ZAHANATI. Kilikuwa safi, hakina dosari, kwa kuwa herufi zake zote kila kompyuta inazo. Philomena akajibu, "Endelea."

Vibao viliwekwa Jumanne moja ya kiangazi. Alipanda Endamaay alfajiri, kabla mafundi hawajafika, na zawadi ya sukari na sabuni, akamkuta mzee ameshavaa koti na kofia. Walishuka pamoja polepole hadi chini, mahali barabara inapoachana na ile kubwa. Mzee macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, aliona rangi ya buluu tu na nguzo.

Kibao kiliandikwa BARABARA YA BO.

Philomena alisoma mara mbili. Hakuelewa bado kilichotokea, alielewa tu kwamba nusu ya babu yake haipo.

"Nisomee," alisema mzee.

Akasoma. Alilibana koo lake kama alivyofundishwa utotoni, akasema, "Barabara ya Bo/ay."

"Tena."

"Barabara ya Bo/ay."

Mzee alivua kofia. Akaishika ile nguzo kwa mikono miwili, akacheka, akalia kidogo, akasema sasa huyo mama aliyefia korongoni amejengewa mlango. Jumapili iliyofuata habari hiyo aliisimulia kanisani kwa kila aliyempa mkono, na Philomena alikuwa amekaa benchi la nyuma, anatamani sakafu immeze.

Nusu ya pili aliikuta Jumanne ileile, mwisho wa juu wa barabara, hatua chache kutoka nyumbani kwao: BARABARA YA AY.

Alimpigia Bashiri akiwa nyuma ya zizi, asisikike.

"Kwenye kazi yako paliandikwa Bo, mkwaju, Ay," alisema Bashiri, kwa sauti ya mtu asiye na kosa. "Mimi nikajua ni Bo au Ay. Nikampigia mtendaji wa kata achague. Akaniambia weka yote mawili, moja kila upande."

"Ule si mkwaju, Bashiri. Ni herufi. Ni sauti." Akaitamka.

"Hiyo ni ain," alisema Bashiri taratibu. "Hiyo naijua tangu madrasa. Dada yangu, ungeniambia ni ain ningekuelewa kwa neno moja."

Angemwambia. Siku nne za kuchora herufi, na neno moja hakusema. Alifungua barua pepe zilizotumwa akaona kiambatisho kimoja peke yake, akafunga.

Kilichobaki sasa kilikuwa kimoja: vibao virekebishwe kabla mzee hajajua. Kesho yake alikuwa ofisini kwa mtendaji, bwana Patriki, mgeni aliyehamishiwa kata ile baada ya kikao. Patriki alimpokea vizuri tu. Wenye kukuumiza siku hizi wana adabu sana.

"Mama, mimi nilikuta maelezo kwamba kuna koo mbili zinagombea jina," alisema. "Nilipoulizwa Bo au Ay, nikaona hekima ni kugawa. Kila upande umepata chake. Kwani nani analalamika, upande wa Bo au upande wa Ay?"

"Hakuna upande wa Bo! Ni mtu mmoja!"

"Basi ni bahati yenu, mmepata mbili." Akafungua daftari, akamweleza kwa upole kwamba mfumo umeshapokea barabara mbili, na kuunganisha kunahitaji kikao cha kitongoji, muhtasari, kikao cha kijiji, muhtasari, kisha kamati ya kata, kisha wilayani. Na herufi ile mfumo hauitambui. Akitaka, waandike Boay.

Philomena, ambaye angeweza kuandika Boay tangu mwanzo na leo lingekuwa linasomeka, alisema ataitisha vikao.

Kikao cha kwanza hakikutimiza watu, ilikuwa wiki ya mavuno ya ngano. Cha pili ukoo wa Sulle walikuja wote, wakasema kama jina linafunguliwa tena, basi na la kwao lijadiliwe. Kikafungwa. Huku nyuma bodaboda wakawa wanapakia abiria, "Bo, Bo, twende Bo." Watoto wa shule nao walitunga mchezo, wa chini wanaitana Mabo, wa juu Maay.

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa na urefu wa kilomita mbili. Gaudensia, katekista, alikuja nyumbani kwa mzee na fomu za kuunganishiwa maji, akamsomea fomu yake ili atie dole gumba. "Margwe Boay, Barabara ya Ay, nyumba namba tisa."

"Ay ni nani?" aliuliza mzee.

Gaudensia, mama wa watu ambaye hajui kudanganya, akamweleza kibao cha juu na kibao cha chini.

Philomena aliitwa. Alimkuta baba yake amekaa kwenye kigoda, kofia iko magotini. Shikamoo yake iliitikiwa, maana mzee hakuwa mtu wa kuacha heshima kwa sababu ya hasira.

"Ulinisomea vizuri sana," alisema.

"Baba, nilitaka nirekebishe kwanza. Kosa ni langu, nilisahau faili..."

"Sijui faili. Shuleni walimkata koo baba yangu, nikawasema, lakini hawakumjua. Wewe unamjua. Umemkata vipande viwili, halafu ukasimama pale ukanisomea kama mzima. Na mimi nikavua kofia."

Philomena alipiga magoti. Mzee hakumfukuza wala hakumwinua. Alimwambia tu kuna chai jikoni.

Mwezi wa nane kifua kilimbana mzee, Philomena akampeleka zahanati. Walipofika dirishani muuguzi, msichana mgeni, alivuta kitabu.

"Shikamoo babu. Jina?"

"Margwe."

"La baba?"

Philomena alisubiri. Aliijua vita hii, alikuwa ameisikia maisha yake yote: muuguzi angesema kwa ulaini, mzee angemsimamisha, foleni ingeguna.

"Andika unavyoandika," alisema mzee.

"Boay. Unaishi barabara gani, babu?"

Mzee aligeuza uso upande aliokuwa amesimama binti yake, ingawa hakumwona.

"Ay," alisema, laini, bila koo kabisa, kama ilivyoandikwa.

Muuguzi akaandika. Hakuuliza herufi zake, zilikuwa mbili tu.