Pasi ama Basi

Nikipeleka mzigo Kabianga siku hizi napita njia ya nyuma, ile yenye matope, kwa sababu kwenye njia ya mbele kuna vijana wa chuo wanaokaa pale kwa kibanda cha chapati, na wakiniona tu lazima mmoja ainue mkono aniulize kwa heshima kubwa, "Mkubwa, leo ni pasi ama ni basi?" na wenzake wanaangalia chini huku mabega yakitikisika. Aibu hiyo nilijitafutia mwenyewe, mbele ya ukumbi mzima, na kama naisimulia leo si kwamba nimepona, ni kwamba nimechoka kuisikia ikisimuliwa vibaya.

Mimi nauza viatu vya mitumba soko la Merigi. Kazi yangu ni kubishana. Sijawahi kukubali bei ya kwanza tangu nipate akili, hata ya dawa (yule dada wa duka la dawa ameshanizoea, hutaja kubwa makusudi ili tuteremke pamoja), na kila kitu nahesabu mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili ya mwenye mali, ya pili kwa ajili yangu. Mambo ya kucheza na vinyago hayakuwa yangu kabisa. Yalikuwa ya mdogo wangu, Rono.

Rono alifanya kazi kiwanda cha majani chai, upande wa mitambo, na akitoka zamu alikuwa anaokota mashina ya chai yaliyong'olewa, mti mgumu kama mfupa, anachonga askari wadogo wa urefu wa kidole. Yeye na wenzake wa kiwandani, pamoja na wanafunzi na walimu kadhaa wa chuo, walikuwa na mchezo wao. Juu ya meza wanapanga matofali, wanayafunika na blanketi la kijani, hiyo inakuwa milima na mabonde. Kila mtu analeta jeshi alilolichonga, mwendo unapimwa kwa tepu ya fundi cherehani, mapigano yanaamuliwa kwa dadu, na zamu zikiisha, yule ambaye jemadari wake amesimama juu ya kilima cha katikati ndiye mshindi. Mara moja kwa mwaka wanashindana katika ukumbi wa kanisa, na anayeshindwa fainali anamwacha jemadari wake mikononi mwa mshindi, mpaka siku atakapomkomboa kwenye meza ileile.

Jemadari wa Rono alikuwa mama yetu. Yaani alimchonga yeye: kitambaa kichwani, kikapu cha majani mgongoni, mkono mmoja kiunoni, vile Mama husimama akiwa bado hajakubaliana na wewe. Mwaka juzi Rono alishindwa fainali na Otieno, karani wa palepale kiwandani, mtu wa kutoka upande wa ziwa lakini aliyezaliwa hukuhuku kwenye nyumba za wafanyakazi, na akamwachia Mama. Alirudi nyumbani akicheka, akasema, "Mwakani nitamrudisha."

Mwakani haikumkuta. Homa ya mapafu ilimshika wakati wa mvua na tukamzika kabla hata viazi vyake havijatoka shambani. Otieno alikuja mazishini, akasimama kando muda mrefu, mkono mmoja ndani ya mfuko wa koti, halafu akanifuata akaanza, "Koech, samahani, kuna kitu..." nami nilikuwa nagombana na watu wa hema na viti, nikamwambia tutaongea baadaye. Hatukuongea. Liwekeni hilo akilini.

Baada ya hapo Mama alinyamaza. Alipika, alikama ng'ombe, alienda kanisani, lakini kuongea aliacha. Mpaka asubuhi moja, akinimiminia chai, akauliza, "Weri, mwanangu, yule mtu mdogo mwenye sura yangu yuko wapi?" Nikamweleza. Akakaa. "Nenda ukamlete," akasema. "Ndiyo kazi ya mwisho ya mikono yake."

Sasa mtu mwingine angechukua simu. Mimi nikajiandikisha kwa mashindano. Nikaweka jeshi la Rono ndani ya boksi la viatu (lipi lingine?), nikaenda Kabianga Jumamosi kadhaa kutazama wanavyocheza, na nikaona kumbe ni soko tu. Usionyeshe unachokitaka. Mwache mwenzako aje kwako.

Siku yenyewe nilianza na kijana mmoja wa chuo aliyekuwa na tabia ya kusogeza askari, kuona mambo yameharibika, kisha kumrudisha akisema, "Ngoja, sikumaanisha hivyo." Nilimshinda, lakini alinichemsha, na hapo ndipo nilipofanya kale kauamuzi kadogo. Nilisimama mbele ya ukumbi wote nikamwambia refa, Madam Moraa, mhadhiri kutoka Kisii, mama asiyecheka ovyo:

"Madam, hapa tunashindana ama tunafanya mazoezi? Mtu akisema, iwe amesema. Hakuna kurudisha maneno. Kwetu Merigi ukisema umenunua, umenunua!"

(Uongo mtupu. Merigi hakuna mtu amewahi kusema amenunua akawa amenunua.)

Watu wakapiga makofi. Madam akanitazama juu ya miwani. "Hiyo kanuni itakushika hata wewe, Koech."

"Hasa mimi," nikasema. Hasa mimi! Mpaka leo najisikia nikisema.

Basi nikapita, nikapita tena, mpaka fainali, na fainali ni Otieno. Akamtoa Mama kwenye kitambaa akamweka ukingoni mwa meza kama desturi inavyotaka, mkono kiunoni, ananiangalia. Nilicheza kama sitacheza tena. Zikibaki zamu chache mpiga tarumbeta wangu, ambaye nilimfanya jemadari, alikuwa juu ya kilima, na nyuma ya mabonde mawili nimeficha askari ambao Otieno hajawatilia maanani. Nikisogeza hata mmoja, ataona mtego. Nikiruka zamu, itabidi apande kunifuata, na akipanda amekwisha. Ilikuwa ni kama kuondoka kwenye kibanda cha mtu ili akuite. Nikaegemea kiti, nikaangalia dirishani majani ya chai kama mtu asiye na haraka wala shida, nikasema:

"Mimi pasi."

Lazima niwaeleze. Katika mchezo huu, ukitaka kuruka zamu unasema pasi. Ukitaka kusalimu amri, unasema basi. Na sisi Wakipsigis, wengine wetu, tuna ugomvi wa zamani na herufi hizo mbili, p na b. Neno likiwa peke yake hutoka gumu, likitanguliwa na lingine hulainika, na mwenyewe husikii chochote. Mimi kwa masikio yangu nilisema nilichosema. Ukumbi mzima ulisikia, "Mimi basi."

"Koech amesalimu amri," Madam Moraa akatangaza. "Mshindi ni Otieno."

Nikacheka, nikidhani ni utani. "Hapana Madam, nimesema pasi."

"Ndiyo. Umesema basi."

"Nimesema pasi!"

"Nimekusikia, Koech. Sasa ni mara ya tatu."

Yule kijana niliyemshinda asubuhi akasema kutoka nyuma, taratibu kabisa, "Mtu akisema, amesema, mkubwa."

Na mimi, badala ya kukaa chini, nikaanza kufanya biashara. Nikasema turudishe zamu moja na nitaondoa askari wawili. Kimya. Watatu. Kimya. Nikasema haya, watano pamoja na mpiga tarumbeta, mpaka Madam akaniambia, "Koech, hapa si Merigi." Halafu, nadhani kwa huruma, akasema, "Hebu tusikie. Sema neno la kuruka zamu."

"Pasi."

"Sawa. Sasa sema la kusalimu amri."

Nikavuta pumzi, nikakaza midomo. "Pasi."

Ukumbi ulipasuka. Kuna mtu alianguka kutoka kwenye benchi, nilisikia kishindo. Ili nipate pa kuangalia nikaanza kukusanya jeshi la Rono, nikahesabu, nikahesabu tena, akapungua mmoja, nikapaza sauti kwamba kuna mwizi humu kanisani. Msichana mmoja akaniambia polepole, "Uncle, mwangalie hapo mkononi mwako." Nilikuwa nimemshika. Nilikuwa nimemshika kwa nguvu mpaka ameniachia alama kwenye kiganja, na nafikiri hapo ndipo watu waliponiangalia vizuri usoni, kwa sababu kicheko kiliisha ghafla.

Otieno hakuwa amecheka hata kidogo. Alimchukua Mama kutoka ukingoni, akazunguka meza, akaninyooshea. "Chukua," akasema.

Nami nikasema (Mungu anisamehe, mdomo una mazoea yake), "Bei gani?"

Otieno hakuushusha mkono.

"Siku ya mazishi nilikuja naye mfukoni," akasema. "Ukaniambia tutaongea baadaye. Nikadhani mmeudhika kwamba nilimchukua. Nimengoja mtu wa kwenu aniulize tu. Ungeuliza tu, ndugu yangu."

Nikampokea. Nikamlaza ndani ya boksi, juu ya jeshi la Rono. Tulipokuwa tukikunja blanketi Otieno akaongeza, kama mtu anayejiongelesha, "Rono alituambia tangu mwanzo tutafute neno lingine. Alisema siku moja mtu wa kwao ataumia hapa. Tukamcheka. Yeye mwenyewe hakuwahi kusema pasi hata siku moja. Alikuwa analaza tu mkono mezani, hivi."

Akalaza mkono wake juu ya meza.

Nyumbani Mama alimshika yule kinyago kwa mikono miwili, akampangusa na upindo wa leso, akapitisha kidole kwenye kikapu kidogo cha mgongoni. "Ulishinda?" akauliza. Nikamwambia hapana, na kwa kuwa alitaka kujua vipi, nikamsimulia yote, hata ya mwizi, hata ya bei gani. Kwenye bei gani alifumba macho. Halafu akaniambia nimtajie tena yale maneno mawili, nikayataja. Akayarudia mwenyewe, la kwanza, la pili, akisikiliza kama mtu anayegonga sufuria kuona kama imepasuka.

"Lakini hilo ni neno moja," akasema, na akacheka. Kicheko kidogo, cha puani. Sikuwa nimekisikia tangu mvua zile.

Mwaka huu nitarudi Kabianga, jina langu liko tayari, na njia ya mbele nitaipita. Nimeapa mambo mawili. Mtu akininyooshea kitu, nitapokea kwanza, mdomo ufuate baadaye. Na nikitaka kuruka zamu sitasema neno lolote, la kwao wala la kwetu. Nitalaza mkono mezani.