Mwaka wa Saba

Niliondoka Tunduma kwenda Kamsamba kwa sababu ya neno moja nililoliandika vibaya. Nalisema mapema ili usije ukadhani nilikwenda kutembea. Miaka ile nilikuwa nimeacha kazi ya mpakani, ambako kwa muda mrefu niliwajazia madereva wa malori fomu za forodha, nikawa msaidizi wa kisheria wa kujitolea. Tulikuwa na chumba kimoja nyuma ya soko, meza mbili, na benchi la akina mama waliopigwa, waliofukuzwa, walionyang'anywa watoto. Mimi niliwaandikia madai ya kupeleka mahakamani. Mwandiko wangu ni mzuri, nasema bila haya, na nilikuwa mwepesi. Mpakani kisanduku kikibaki kitupu lori halivuki, basi nami nilizoea kuvijaza vyote upesi na kumwita anayefuata.

Edina alikuja mwezi wa kumi, jicho la kushoto limefumba kwa uvimbe. Mumewe, Jastini, fundi wa magari mwenye gereji yake, alimpiga mbele ya Tabitha, mtoto wao wa pekee. Nilifuata hatua zote: fomu ya polisi ya matibabu, baraza la usuluhishi la kata, cheti cha kwamba usuluhishi umeshindikana, kisha hati ya kudai talaka na mtoto. Nilipofika penye umri wa mtoto nikamuuliza. Edina hajui kusoma, na Kiswahili chake hupitia kwanza kwenye Kinamwanga, lugha ya kwao. Akajibu, "Tabitha yuko mwaka wa saba." Nikaandika: miaka saba. Sikumsomea. Nilimwambia tu, kwa sauti ya mtaalamu, "Hakimu akikuuliza, sema ni kama ilivyo kwenye hati."

Aliye mwaka wa saba ana miaka sita na miezi. Kwa sheria yetu, mtoto wa chini ya miaka saba huchukuliwa kuwa ni heri akae na mama yake, mpaka atokee mtu wa kuthibitisha vinginevyo. Akishatimiza saba, mama hana tena ngao hiyo. Kabla ya Krismasi hakimu alivunja ndoa bila kusita, maana vipigo vilithibitika. Mtoto akampa baba, kwa kuwa baba ana nyumba, dada yake anakaa pale, na shule iko jirani, ilhali mama na mtoto wamejihifadhi kwa rafiki. "Mtoto ana miaka saba?" hakimu alikuwa amemuuliza Edina. "Ni kama ilivyo kwenye hati," akajibu, akanitazama kwa furaha ya mtu aliyekumbuka alichofundishwa.

Nje ya mahakama ndipo aliponishika mkono. "Baba, mbona wanasema ana saba? Si nilikwambia yuko mwaka wa saba? Saba hajafika." Nilitamani ardhi inimeze.

Tulihitaji ushahidi wa tarehe ya kuzaliwa ili tuombe amri ibadilishwe. Edina alikwenda kujifungulia kwa mama yake Kamsamba, kama wafanyavyo wengi kwa uzao wa kwanza, na kadi ya kliniki ilibaki huko. Alitaka kuifuata mwenyewe. Nikamwambia abaki na genge lake la mboga, nitakwenda mimi. Hilo angalau nililifanya.

Saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa kwanza, nilipanda basi mpaka Mlowo. Mvua ilikuwa imenyesha na baridi ya Mbozi ikaniingia hadi kwenye magoti. Mlowo nikapata Fuso lililopakia bati na saruji. Dereva, kijana aitwaye Jumanne, akanipa nafasi mbele. "Mzee, miguu weka juu ya jeki. Ikichoka, vumilia."

Tulipita mashamba ya kahawa na mahindi yaliyofika kiunoni, na kule Itaka tukanywa chai na viazi vya kuchemsha. Jumanne akaniuliza kama nafuata mpunga.

"Nafuata kadi ya kliniki," nikasema. "Mahakama imekosea umri wa mtoto, wakamnyang'anya mama yake."

"Hao nao! Wanashindwa hata kusoma?"

Nikatikisa kichwa kama mtu anayewasikitikia. Uongo ule ulinitoka laini, na kwa kilomita kadhaa nilijisikia vizuri. Naukumbuka mpaka leo kwa aibu.

Adhuhuri tukaanza kuteremka kuelekea bonde la Rukwa. Kila kona ilikuwa na joto kuzidi iliyopita. Nilivua koti, kisha sweta, na tulipofika chini nikabaki na shati lililonigandia mgongoni. Ng'ombe wa wafugaji walijaa barabarani na Jumanne akawapigia honi bila mafanikio. Pande zote mbili maji yalikuwa yamesimama kwenye majaruba, na watu wameinama wakipandikiza mpunga.

Saa kumi jioni nilifika kwa mama yake Edina, Bibi Velina. Nilimkuta akipepeta mchele. "Mwapoleni," nikamwamkia, naye akaitikia, akaweka ungo chini, akanipa kiti na maji. Hakuuliza kitu mpaka nilipomaliza wali na samaki wa ziwani. Edina alikuwa amempigia simu, kwa hiyo alijua ninachofuata, ila hakujua mimi ni nani hasa.

"Wewe ndiwe uliyeandika yale makaratasi?" akauliza.

Uongo wa Itaka ulikuwa bado mdomoni, tayari. Lakini mbele yangu alikuwa mama aliyempokea mjukuu wake kwa mikono yake siku alipozaliwa, na nikashindwa. "Ni mimi, mama. Yeye alisema sawasawa. Mimi ndiye niliyeandika vibaya."

Akauliza tena, "Ulimsomea?"

"Sikumsomea."

"Mimi sikusoma," akasema bila hasira, na hilo liliniumiza kuliko kama angenitukana. "Lakini nikimtuma mtu dukani namwambia arudie nilichosema. Hata chumvi tu. Akikosea namrekebisha kabla hajatoka hapa mlangoni."

 Akaingia ndani, akarudi na kopo la maziwa ya unga lililojaa mbegu za maboga. Chini ya mbegu kulikuwa na kadi, imefungwa kwa nailoni. Karani wa zamani ndani yangu akafurahi kuona mwandiko wa muuguzi: jina, uzito, tarehe, muhuri. Kisha nikahesabu kwa vidole, nikarudia, na furaha ikaisha. Siku ya hukumu Tabitha alikuwa na miaka sita. Sasa zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa atimize saba.

Asubuhi Bibi Velina alinifungia mchele kwenye kitenge. "Wa Tabitha huu. Mwambie ni wa jaruba lile la karibu na mto, analijua." Nikapokea kwa mikono miwili, nikaogopa kumwahidi chochote.

Kurudi kulikuwa kugumu. Mvua ilikuwa imeharibu barabara ya mlimani, na Fuso la Jumanne, sasa limejaa magunia ya mpunga, likazama kwenye tope kabla ya kona ya pili. Tulikaa siku mbili tukikata matawi na kuyalaza chini ya matairi. Siku ya pili, mikono yangu ikiwa na malengelenge, nilimwambia Jumanne ukweli, kwamba haikuwa mahakama. Aliendelea kuchimba. "Basi chimba, mzee," akasema. "Tuwahi."

Tuliwahi, kwa maana ya kufika. Siku niliyoingia Tunduma nilikwenda mahakamani na tope kwenye viatu, nikawasilisha maombi na kadi. Mara hii nilikuwa nimemsomea Edina kila mstari, naye akanirekebisha mara mbili. Karani wa mahakama akafungua daftari la kesi, akateremsha kidole ukurasa mzima, akageuza mwingine. Tarehe ya karibu ilikuwa siku tisa baada ya Tabitha kutimiza saba. Nilimbembeleza. Akanionyesha majina yaliyotangulia, nami niliwafahamu baadhi. Nao walikuwa na watoto.

Siku hiyo ilipofika, Tabitha alikaa na shangazi yake, amevaa sare mpya ya darasa la kwanza. Hakimu aliigeuza kadi mara kadhaa. "Ningejua siku ile kwamba ana sita," akasema, "ningeanzia upande wa mama, na baba ndiye angepaswa kunishawishi. Leo naanzia katikati." Akamwita Tabitha karibu, akamuuliza kwa upole angependa kukaa wapi.

"Kwa mama," Tabitha akasema. Kisha akaishika sare yake. "Na shuleni kwetu."

Hakimu akaandika uamuzi wake. Edina alikuwa bado hajapata chumba chake, na mtoto alishahamishwa mara moja. Hakimu hakuona vyema kumhamisha tena. Atabaki kwa baba. Mama atamchukua kila Ijumaa hadi Jumapili na likizo zote, akimpokea kwa shangazi, na Jastini asimsogelee Edina kabisa. Akasema mama akipata makazi anaweza kuomba tena.

Nje, Edina alimpa binti yake mchele wa bibi, akamwambia ni wa jaruba la karibu na mto. Walipoondoka na shangazi, alibaki amesimama akiwatazama mpaka wakakata kona ya soko. Nikaanza kumwomba radhi.  Akanipa karatasi ya amri.

"Nisomee," akasema.

Nikamsomea yote, polepole, na kila sentensi aliirudia. Nilipofika penye umri wa mtoto nikamtazama. Akaningoja. Nikasoma: miaka saba.

"Hapo sasa," Edina akasema, "umri umeandikwa sawa."