Mama Taratibu na Gia ya N

Nianze na aibu yangu ili isije ikanisumbua mbele. Kwa miaka tisa nilimsema shemeji yangu juu ya gia ya N, na nilimsema kwa sauti ya mtu anayejua. Mimi ni fundi wa giaboksi za otomatiki. Mtu wa kazi hiyo akifungua mdomo kuhusu giaboksi, watu huwa wanatulia na kusikiliza. Yeye hakutulia hata siku moja.

Shemeji huyu ni mke wa kaka yangu, na ni dereva wa benki ya damu. Asubuhi na mchana anapakia maboksi ya baridi yenye mifuko ya damu na kuyapeleka hospitali. Pale yadi wanamwita Mama Taratibu. Madereva wenzake walimpa jina hilo kwa kumcheka, yeye akalichukua akalivaa, na sasa hata simu anapokea kwa jina hilohilo. Ni mfupi, anakalia mto wa sponji ili aone boneti, na mto huo hauazimwi na mtu. Alianza na malori ya gia za mkono, mwanamke peke yake kwenye yadi ya wanaume, na hakuna aliyempisha kwa hiari. Miaka ishirini na sita sasa yuko kwenye usukani.

Tabia yake ni hii. Akiona taa nyekundu kwa mbali, anaondoa mguu kwenye mafuta na kuigusa breki polepole. Gari likikaribia kusimama, anasukuma gia kutoka D, ya kwenda, hadi N, ya huru, na linasimama bila kutikisika. Ukiwa umeshika glasi ya maji, hulowi. Anasema damu haipendi kurushwarushwa. Mimi kila nikipanda gari lake nilikuwa na wimbo wangu: "Shemeji, utaiua hiyo giaboksi. Iache kwenye D, gari lina akili zake."

Naye alikuwa ananijibu bila hata kunitazama: "Wewe unaziona zikishakufa, shemeji. Mimi naishi nazo zikiwa hai."

Jibu hilo lilinikera miaka yote tisa, nisiseme uongo.

Sasa, Jumanne moja asubuhi giaboksi ikafa. Ilifia katikati ya mzunguko wa barabara, injini inanguruma, magurudumu yamegoma, huku nyuma honi zinapigwa kama harusi. Ndani ya gari kulikuwa na boksi moja la damu lililokuwa linasubiriwa chumba cha upasuaji. Shemeji alipiga simu yadi, akaambiwa avute subira, watamtafutia gari lingine. Hakuvuta chochote. Aliwasha taa za hatari, akafunga milango, akajitwika boksi kichwani na kuondoka nalo kwa miguu, mwendo wa dakika ishirini na tano juani. Muuguzi alilipokea mlangoni, akatazama kipimo cha baridi, akasema iko sawa, akaingia nalo. Shemeji alikaa sakafuni pale koridoni mpaka pumzi zikamrudia.

Kesho yake alipewa karatasi asaini. Wala haikuwa ya asante. Ilikuwa imechapwa tayari na jina lake juu, inasema kwamba yeye anakiri tabia yake ya kuweka gia ya N wakati wa kushika breki ndiyo iliyoharibu giaboksi ya gari la ofisi. Aliyeichapa ni ofisa usafirishaji, mtu wa suruali iliyonyooshwa mpaka inakata, ambaye hawezi kumaliza sentensi bila neno "kimsingi". Alishawahi kupanda gari na shemeji akaiona hiyo N kwa macho yake. Halafu akapokea ujumbe kwenye simu, ule wa kutumiana bila kujua umetoka wapi, unaosema N inaua giaboksi. Basi, kesi ikawa imeisha. Akisaini, anatolewa kwenye usukani moja kwa moja na kupelekwa getini kuandika namba za magari yanayoingia na kutoka.

"Sisaini," alisema, akamrudishia.

Nyumbani kaka alimshauri asaini tu yaishe, eti getini kuna kivuli na kiti. Shemeji alimtazama kaka bila kupepesa, mpaka kaka akakumbuka kwamba kuna chai jikoni inataka kuangaliwa.

Gari likavutwa hadi gereji kwetu, maana otomatiki tunafungua sisi. Nilimwambia ofisa wazi: "Dereva wa gari hili ni mke wa kaka yangu. Kama unaogopa upendeleo, lipeleke kwingine."

Akatabasamu. "Kimsingi fundi, ndiyo maana nimelileta kwako. Amesema mwenyewe kwamba shemeji yake fundi anamkanya kila siku na hasikii. Wewe ndiye shahidi wangu."

Maneno yangu yote ya miaka tisa yalikuwa yamekusanywa, na sasa ni mimi niliyetakiwa kumpeleka mama wa watu getini. Shemeji aliomba kitu kimoja tu, giaboksi ifunguliwe mbele ya macho yake.

Alhamisi akaja, amevaa sare yake ya kazi, amepiga pasi. Alikaa juu ya tairi. Ofisa alisimama mbali kidogo akichunga suruali yake. Nikamwaga oili kwanza. Ilitoka nyeusi, inanuka kuungua, na ilikuwa pungufu, zaidi ya lita nzima haipo. Nikaendelea kufungua.

Ndani ya giaboksi ya namna ile kuna mafungu ya pleti. Oili ikisukuma fungu, pleti zinashikana na gari linakwenda. Kuna fungu la kwenda mbele, kuna mengine ya mwendo mkubwa, na kuna fungu la rivasi, la kurudi nyuma. Mtu anayeweka N kwenye taa na kurudi D analiachia na kulikamata lile la kwenda mbele peke yake. Kwa hiyo kama N ndiyo muuaji, lile fungu ndilo lingekuwa limekufa, na mengine yangekuwa mazima. Nilizipanga pleti zote kwenye kadibodi, moja moja. Za kwenda mbele zilikuwa zimeungua. Za mwendo mkubwa, zimeungua. Nikafika kwenye za rivasi, nikazifuta kwa kitambaa mara mbili. Nyeusi tii.

Nakwambia kweli, nilitamani zisiwe hivyo. Miaka tisa ya kusema si mchezo, na kuimeza kwa mkupuo mmoja mbele ya watu kunakwama kooni. Lakini pleti zilikuwa pale kwenye kadibodi, zinanitazama.

"Bosi," nikasema, "wewe unamjua mtu anayeshika breki kwa gia ya rivasi?"

"Una maana gani?"

"Maana yangu ni kwamba N haikuua hii giaboksi. Faida yake kubwa sijaiona pia. Unafungua na kufunga pleti bila sababu, na ukiwa kwenye mteremko inakunyima nguvu ya injini ya kulishikilia gari. Lakini kuua, hapana. Nilikuwa nasema kitu ambacho sijawahi kukipima."

Shemeji akainua kichwa. "Hilo la mwisho rudia."

"Nilikuwa nasema kitu ambacho sijawahi kukipima."

"Ongeza sauti, shemeji. Bosi amesimama mbali."

Nikaongeza sauti. Halafu nikamweleza ofisa kilichotokea: sili ya nyuma, ule mpira unaozuia oili isitoke, ilichoka, oili ikavuja kidogo kidogo, kokoto za yadi zikawa zinaimeza bila mtu kuona. Oili ilipopungua, pleti zikakosa nguvu ya kushikana, zikateleza, zikaungua zote. Ofisa alishusha pumzi. Akaikunja ile karatasi yake, akasema kimsingi huo ni uchakavu wa kawaida, faili litafungwa, mama arudi kazini. Mimi nilikuwa nimeshachukua sabuni ninawe mikono. Mambo yangeishia hapo na kila mtu angekwenda kula.

"Imevuja kwa muda gani?" shemeji akauliza.

Nilimkonyeza. Akaniona, na akajifanya hajaniona.

"Miezi," nikasema.

"Na mimi kila asubuhi napima oili ya giaboksi. Kijiti kinasema imejaa. Imekuwaje?"

Jibu nilikuwa nalo tangu nilipomwaga oili, na nilikuwa nimelikalia makusudi. Nikamwambia twende bombani mara moja, anishikie sabuni. Tulipofika nikamnong'oneza: "Shemeji, umeshinda. Hapo ulipo pazuri. Ukichimba zaidi utakwenda getini kwa miguu yako mwenyewe."

"Magari ya namna ile yamebaki mangapi yadi?"

"Matano."

"Kesho asubuhi yatapimwaje?"

Nikaendelea kusugua mikono, maji yanamwagika bure.

"Mimi nilibeba boksi kichwani kwa sababu lilikuwa moja," akasema. "Siku yakiwa mengi nitabeba vipi? Funga hilo bomba."

Akarudi kwenye tairi lake, akafungua begi, akatoa fomu ya ukaguzi wa asubuhi. Akanipa niisome kwa sauti. Mstari wa kwanza kabisa ulisema vipimo vyote vifanyike injini ikiwa imezimwa na ikiwa ya baridi. Fomu ile ilitungwa enzi za malori ya gia za mkono, na kwa malori ilifaa. Magari ya otomatiki yalipokuja, ofisa wetu huyu aliongeza mstari mmoja chini kabisa, "oili ya giaboksi", akaona amemaliza. Kumbe giaboksi ya magari yale inapimwa injini ikiwa imewashwa na ikiwa imepata moto. Ukizima, oili iliyokuwa inazunguka juu inashuka yote chini, na kijiti kinakudanganya mchana kweupe. Kinasema imejaa wakati imepungua lita nzima na zaidi. Nikayasema yote hayo, maana sasa ningeficha nini.

Shemeji akatoa begini fomu zake za miezi iliyopita, akawa anazipitia moja baada ya nyingine kwa kidole. "Hizi tiki ni zangu," alisema. "Sawa, sawa, sawa. Kila siku sawa. Mkono ni wangu huu."

"Mama," ofisa akasema, "hakuna aliyekuuliza hayo."

"Najua. Nimejiuliza mwenyewe."

"Kimsingi unajitafutia matatizo. Nimekwambia nafunga faili."

"Ukilifunga, yale matano yanaendelea kupimwa hivihivi. Nilikataa kusaini uongo wako, bosi. Sasa unataka nikae kwenye usukani kwa kunyamazia ukweli wangu? Lete karatasi hiyo."

Akaitwaa mkononi mwake, akaigeuza nyuma palipo peupe, akaomba kalamu yangu. Aliandika akiwa ameegemea boneti ya gari la mteja, kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea kujaza fomu juu ya paja: *Gia ya N haikuharibu giaboksi. Giaboksi ilikufa kwa kukosa oili. Nilipima injini ikiwa imezimwa, kama fomu inavyosema, na nikaandika sawa bila kuuliza. Kosa hilo nakubali.* Akasaini. Halafu chini yake akachora mstari mwingine, akaandika: *Sahihi ya aliyetunga fomu.* Akamsogezea ofisa kalamu.

Ofisa aliitazama ile kalamu kama imetoka chooni. Alisema ataipitia ofisini. Hakuipitia popote. Aliiacha palepale juu ya boneti na kwenda zake, ila alichosikia alikiripoti, maana wiki iliyofuata shemeji aliitwa kwenye kikao. Alipewa onyo la maandishi na kuondolewa kwenye usukani kwa mwezi mmoja. Fomu hazikutajwa.

Aliripoti getini akiwa na mto wake wa sponji kwapani. Akaandika namba za magari mwezi mzima, na kila dereva aliyetoka asubuhi alimsimamisha na kumuuliza kama amepima injini ikiwa inawaka. Asiyejibu vizuri hakufunguliwa. Walipiga honi, wakanuna, mmoja akamwambia kwamba amelewa madaraka ya geti. Kati ya yale magari matano, mawili yalikutwa oili imepungua vibaya. Mimi ndiye niliyebadilisha sili zake, na giaboksi zake zilikuwa bado nzima.

Mwezi ulipoisha alirudi kwenye usukani. Wiki iliyopita nilipanda naye kwenda kwao kumwona kaka. Taa nyekundu ikawaka mbele, akaigusa breki, na gari lilipokaribia kusimama akasukuma gia hadi N. Akanigeukia, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Sema," akaniambia.

Nikatazama nje dirishani. Kulikuwa na duka la viti vya plastiki, nikalisoma bango lake lote.

Fomu za yadi sasa zimebadilishwa. Zinasema injini iwashwe, na hakuna anayejua nani alizibadilisha, eti zilikuja tu. Lakini kwenye chumba cha madereva, juu ya meza ya funguo, ile karatasi yake ya mkono imebandikwa ukutani. Sahihi yake ipo. Mstari wa pili hauna kitu. Ofisa ameshamwambia mara mbili aitoe, na mara mbili shemeji amemjibu kwamba haiwezi kutolewa, haijakamilika. Pembeni yake amening'iniza kalamu kwa uzi. Wino ukikauka, ananunua nyingine.