Sakafu ya Sonunbu

Sonunbu akishasema hapana, hata fahali wa jirani hamtoi hapo alipo. Nawaambia mimi Zuura, ambaye tangu niolewe nimetenganishwa naye na ukuta mmoja tu wa udongo, na kelele zake nazijua kama za wanangu.

Baridi ya mwaka jana ilimshika kifua. Mikeka mizito ya sufu iliyolala chini kabisa ya sakafu yake ilikuwa imeliwa na nondo, na unyevu wa ardhini ukapanda moja kwa moja hadi kitandani. Alikohoa hadi theluji ikayeyuka. Basi mwisho wa Agosti mwanawe Mairambek akapiga simu kutoka Bishkek. Huyu ni kitinda mimba, na kwetu kitinda mimba ndiye anayebaki na wazazi na kurithi nyumba. Lakini yeye alikwenda mjini kufunga madirisha ya maghorofa, akaoa huko, akatulia huko.

"Apa, viazi vikishachimbwa nakuja na gari kukuchukua," alisema; apa kwetu ni mama. "Nyumba hiyo inanyonya baridi kutoka ardhini. Hutaumaliza mwaka."

"Njoo," mama yake akamjibu. "Ukiikuta baridi, nitapanda gari mwenyewe. Ukiikuta na joto, unaniacha nilipo."

Mairambek akacheka, "Haya, apa." Simu ilikuwa imefunguliwa sauti, nikakisikia kicheko chenyewe, kile cha kumridhisha mtoto anayelilia mwezi. Sonunbu naye alikisikia. Alikunja kitambaa chake cha kichwa upya, akafunga fundo kwa nguvu, akaniambia, "Zuura, waite wanawake. Tunatandika nyumba upya kuanzia chini."

"Eje, dada yangu, kwa sufu gani? Kondoo bado wako milimani."

"Ninayo magunia ghalani."

Mungu wangu! Sufu ile ilikuwa imenyolewa wakati theluji inayeyuka. Kila mwanamke wa hapa kwetu Naryn anajua kwamba sufu ya wakati ule ni ndefu na kavu, haishikani. Ya kutengenezea mkeka ni ile fupi na laini, anayonyolewa kondoo akishuka malishoni mwezi wa Septemba. Nikamwambia. Akaniangalia kutoka viatu hadi kichwani.

"Mimi nilikuwa napiga sufu wewe ukiwa bado tumboni mwa mama yako."

"Na ya namna hii ilishikana wakati huo?"

"Shika fimbo, upunguze mdomo!"

Tukashika fimbo. Tukaipiga sufu ile hadi vumbi likatujaa puani, tukaitandaza juu ya jamvi la matete, tukaimwagia maji ya moto, tukaviringisha, tukaikanyaga na kuiburura uani mpaka migongo ikalia. Tulipofungua jamvi, mkeka ulikatika katikati kama mkate wa juzi. Sonunbu akaushika upande, ukabaki mkononi mwake. Mimi nilifunga mdomo kwa taabu kubwa, lakini nafikiri uso wangu ulisema yote.

Alikaa chini palepale kwenye maji. Nilimwona akitokwa na machozi, na kusema kweli hasira zangu zote ziliniisha.

"Atanichukua, Zuura," alisema. "Ataniweka ghorofa ya saba, nichungulie dirishani kama kuku sokoni."

"Hajakuchukua bado. Inuka, utapata kifua tena."

Aliinuka. Kesho yake aliazima farasi wa mume wangu, mwanamke wa umri ule, akapanda hadi kwa mchungaji anayewachunga kondoo wake pamoja na wa kijiji kizima. Mchungaji akamwambia asubiri, makundi yatashuka yenyewe. Akamjibu kwamba mikasi anayo, na kondoo wake anawajua kwa sura. Akawanyoa hukohuko, mmoja baada ya mwingine, akarudi na magunia yamening'inia pande zote mbili za farasi, nyonga zimekakamaa hata tukamshusha kama mzigo. Mume wangu akasema, "Eje, farasi wangu umemuua." Akajibiwa, "Yeye amelalamika? Basi na wewe nyamaza."

Wanawake walirudi wote, hata wale walioapa baada ya siku ile kwamba hawarudi. Safari hii sufu ilishikana. Tulipiga magoti tukaiviringisha kwa mikono, kuanzia kiganja hadi kiwiko, ngozi ikawa nyekundu kama tumepikwa. Mmoja akatania kwamba Mairambek aletewe mkeka huu mjini alazwe juu yake, labda atakumbuka njia ya kwao. Sonunbu hakucheka, aliongeza maji ya moto.

Kisha akatandika, na hapo hakutaka msaada wa mtu. Chini jamvi la matete, ili hewa ipite. Juu yake mkeka mpya, mnene kama kidole gumba, wa rangi ya kijivu, usio na urembo wowote. Juu ya huo shirdak, zulia la sufu la mama mkwe wake, jekundu na la kahawia, lenye michoro ya pembe za kondoo iliyoshonwa ukingoni kwa uzi wa kusokotwa. Halafu magodoro membamba ya pamba, yale ya mahameli yakifuatana na yale ya chiti, na kila mahali pa kukaa akaweka ngozi ya kondoo yenye manyoya marefu. Ukutani nyuma ya kitanda akatundika pazia zito lililotariziwa, lizuie upepo. Nilivua viatu nikaingia. Mguu ulizama kidogo, kisha ukashikwa na joto, na jiko lilikuwa halijawashwa! Nilitamani nilale palepale, wanangu wajipikie.

Viazi vilipokwisha kuchimbwa, Mairambek akaja. Alisalimia, akavua viatu, akatembea chumba kizima. Akainua pembe ya kila tandiko kama mtu anayekagua meno ya farasi. Akapenyeza mkono chini kabisa, akautoa, akautazama.

"Pana joto," alisema.

"Basi tumemaliza," akasema Sonunbu.

"Apa, hatujamaliza. Umepatengeneza vizuri, sikatai. Lakini watu wananisema. Kitinda mimba, na mama yake yuko peke yake. Kila harusi nikienda naulizwa. Fungasha, tafadhali. Nimeshawaambia kwamba unakuja."

Kumbe baridi ilikuwa kisingizio tu! Migongo yetu, farasi wetu, vyote vile, na mtu alikuwa anaogopa maneno ya harusini.

Sonunbu hakubishana. Alikwenda kwenye rundo la magodoro, akachomoa lililo zuri kuliko yote, la mahameli ya buluu, akalitandaza mbali na mlango, ukutani kabisa, pale tunapomkalisha mgeni wa heshima. Akalipiga kwa kiganja.

"Kaa."

Mairambek akabaki amesimama. "Apa, hapo ni pa wageni."

"Ndiyo. Karibu."

"Mimi si mgeni hapa."

"Mgeni anakula, anashukuru, anaondoka. Hamhamishi mwenye nyumba. Anayeniamulia nilale wapi ni mtoto wa nyumba hii, na mtoto wa nyumba hii hunitunza humuhumu, mahali pake ni pale." Akaonyesha karibu na mlango, kwenye birika, anapokaa mdogo wa nyumba na kuwamiminia wengine. "Chagua, mwanangu. Chai inapoa."

Alisimama pale na soksi zake za mjini, masikio mekundu. Sijui alifikiri nini. Najua tu kwamba mwisho alilikwepa lile godoro la buluu, akashuka hadi mlangoni, akapiga magoti, akashika birika. Alimmiminia mama yake kwanza, nusu bakuli, maana kwetu chai ya heshima haijazwi.

"Makaa ya mawe ya msimu wa baridi yamefika?" akauliza, bila kumtazama.

"Hayajafika," akasema Sonunbu. "Nakusubiri wewe uyalete."